Jumamosi anaruka kamba, Jumatatu tumbo linamkata

Barua

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi, nauza mboga na ndizi soko la Mbuyuni. Mume wangu anaongoza wageni mlimani, kwa hiyo msimu huu akiondoka anakaa siku sita, saba, anarudi kufua nguo na kuondoka tena.

Shida yangu ni binti yangu wa kwanza, Glory, ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Tangu shule zifunguliwe mwezi wa saba, tumbo halimwachi. Linaanza Jumapili jioni akiniona napiga pasi sare. Asubuhi linakuwa balaa: anajikunja kitandani, jasho linamtoka, siku nyingine anatapika uji wote. Ikifika saa nne, ameshajua haendi tena, anaamka, anaomba chai, anacheza. Jumamosi ndiyo kabisa, anaruka kamba na wenzake tangu asubuhi. Zahanati wamempima malaria, mkojo na choo, hawakuona kitu, wakampa dawa ya minyoo. Wiki iliyopita alienda shule siku mbili tu.

Baba yake akiwepo anasema huo ni ujanja, anambeba mpaka kwenye bodaboda huku mtoto analia mtaa mzima unasikia. Akipanda mlima, mimi siwezi. Namwacha. Na nikimwacha sina pa kumweka, nakwenda naye sokoni, anashinda na simu yangu. Mama mkwe yuko Kibosho, anasema namdekeza, nimpandishe kwake achapwe wiki moja ataacha. Dada mmoja wa kanisani anasema ni roho ya kukataa elimu, apelekwe maombi. Jumanne nilimzaba kibao, kisha nikalia kuliko yeye. Nikimuuliza kwa nini hutaki shule, ananijibu: "Sijui mama, naogopa tu."

Nimchape? Nimhamishe shule? Au nimwache apumzike muhula huu uishe?

Mama Glory, Moshi

Majibu

Mama Glory, pole. Tuanze na tumbo, maana hapo ndipo nyumba yenu ilipogawanyika.

Linauma kweli. Mtoto akiogopa, mwili unamwaga homoni za kumwandaa kukimbia: moyo unaenda mbio, damu inapelekwa kwenye misuli, tumbo linaacha kusaga chakula. Matokeo yake ni maumivu katikati ya kitovu, kichefuchefu, jasho, na uji kurudi. Saa nne ikifika hatari imepita, homoni zinashuka, anaomba chai. Baba anaona mtoto aliyepona ghafla na kusema ni ujanja, nasi tunamwelewa, lakini hakuna mtoto wa miaka kumi anayeweza kujitoa jasho kwa kuigiza. Umefanya vizuri kuanza na zahanati. Rudi huko ukiona homa, damu kwenye choo, uzito kupungua, maumivu yanayomwamsha usiku wa manane, au maumivu yaliyohamia upande wa chini kulia. Pasipo hayo, tumbo linalolala Jumamosi na kuamka Jumapili jioni lina kalenda, na kalenda hiyo ni ya shule.

Kwa hiyo, kabla hujamsukuma, ujue unamsukuma kuelekea nini. "Kwa nini hutaki shule" ni swali gumu mno kwa mtoto. Hata mtu mzima akiulizwa kwa nini anaogopa, huishia kusema sijui. Mkalishe jioni mkichambua mchicha, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye beseni, kisha mpitie siku yake kipande kwa kipande: kupanda kifodi (daladala), geti, paredi, somo la kwanza, mapumziko, choo, mchana, masomo ya ziada, kurudi. Kila kipande akipe namba, sifuri ni raha na kumi ni woga wote. Usimsahihishe, usimwambie "hilo nalo la kuogopa?" Pakitokea nane au tisa, simama hapo na uulize jambo moja tu: "Pale huwa kunatokea nini?" Mara nyingi utakuta kitu ambacho hukukiwaza. Konda anayewashusha wanafunzi kwa sababu wanalipa nauli ndogo. Choo kisicho na komeo. Kuitwa ubaoni kufanya hesabu na darasa zima likacheka. Michango ambayo haijalipwa na jina kusomwa paredi. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa mwisho wa mwaka, na muhula huu wa pili shule nyingi huongeza mazoezi, majaribio na bahati mbaya viboko.

Kwenye viboko tuseme wazi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni hapa Tanzania, za mwaka 2002, zinasema adhabu hiyo hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye daftari. Kuchapa darasa zima kwa kila swali lililokosewa hakumo humo. Kama ndicho Glory anachokiogopa, huna sababu ya kumfundisha ujasiri. Una sababu ya kwenda kwa mwalimu mkuu, kwa heshima, na kanuni hiyo mdomoni.

Na ikitokea akasema kuna mtu anamshika, anamtisha au anamdai kitu, mpango wote ufuatao simamisha. Msikilize, mwambie hana kosa, andika maneno yake kama alivyoyasema, usimhoji tena na tena wala usimkabili mtuhumiwa mwenyewe. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa.

Tuchukulie umekuta mambo ya kawaida: hesabu, kuchekwa, mwalimu mkali. Sasa tuje kwenu wazazi, na hapa tutakaa zaidi, kwa sababu ndipo panapobadilika mambo. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliohusu watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 wenye matatizo ya woga. Kundi moja, watoto wenyewe walipewa tiba ya mazungumzo. Kundi la pili, mtaalamu hakukutana na watoto kwa matibabu. Aliwafundisha wazazi tu namna ya kuujibu woga wa mtoto. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayolingana.

Namna mnavyojibu sasa ni mbili na zote zinaulisha woga. Ukimwacha nyumbani, anapata nafuu ya papo hapo, na ubongo wake unajifunza kwamba kilichomwokoa ni kutokwenda. Kesho unadai hivyo hivyo, kwa nguvu zaidi. Ukiongeza soko, simu na mama peke yake siku nzima, nyumbani kunakuwa kutamu kuliko shule hata bila woga. Baba akimbeba kwa nguvu, mtoto anafika, lakini anafika akiwa amepandwa na hofu mara mbili, na hajajifunza kwamba yeye mwenyewe anaweza. Kibaya kuliko vyote ni kupishana: baba akiwepo anaenda, baba akipanda mlima haendi. Mtoto hapangi hila, ila mwili wake umeshajua kilio kinafanya kazi siku zipi.

Mumeo analijua hili kuliko sisi. Mgeni anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hakimbizwi kileleni, lakini pia harudishwi getini kila kichwa kinapomuuma. Anapandishwa hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, anakaa pale mwili uzoee, kisha anashushwa kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Mwambie mumeo kwamba Glory anahitaji ratiba ya namna hiyo, ataelewa haraka.

Ratiba yenyewe ianze Jumatano, siyo Jumatatu. Jumatano na Alhamisi anakaa shule hadi mapumziko ya asubuhi, unamchukua. Ijumaa hadi chakula cha mchana. Jumatatu tena hadi chakula cha mchana, usiongeze kitu, maana Jumatatu ni nzito yenyewe. Jumanne siku nzima, na kuanzia hapo siku nzima. Mwambie ratiba yote mapema na uibandike ukutani, ili nusu siku isigeuke kuwa desturi. Wazazi wengi hufanya kinyume: wanamwacha apumzike asubuhi, wampeleke saa nne tumbo likitulia. Usifanye hivyo. Anayechelewa anakutana na mwalimu wa zamu, halafu anafungua mlango watoto sitini wakigeuka kumtazama. Ni bora awahi na kutoka mapema kuliko kuchelewa na kukaa. Zile siku nne za mwanzo genge litafunguliwa nusu nusu. Panga na jirani yako wa meza akushikie.

Kabla ya Jumatano hiyo uwe umeongea na mwalimu wa darasa, ana kwa ana, baada ya vipindi. Usilipeleke kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, kesho yake darasa zima litajua. Mwalimu mwenye watoto wengi hivyo hawezi kufuata maelekezo marefu, kwa hiyo mwombe mambo matatu, ukiyaandika kwenye karatasi: ampokee mlangoni na kumpa kazi ndogo mara moja, kama kugawa madaftari, asimwite ubaoni bila kumwambia mapema kwa wiki mbili, na tumbo likimshika, aruhusiwe kwenda kunywa maji dakika tatu na kurudi, asipigiwe simu mama. Hilo la tatu litetee. Simu moja ya "njoo umchukue" inabomoa kazi ya wiki.

Sasa asubuhi. Usingizi kwanza: mtoto wa umri huu anahitaji saa 9 hadi 12, kwa hiyo kama anaamka saa kumi na moja na nusu, saa mbili usiku awe kitandani na simu iwe chumbani kwako. Pasi ya sare ihame kutoka Jumapili jioni kwenda Jumamosi mchana. Ni jambo dogo lakini umesema mwenyewe ndiyo kengele inayoamsha tumbo. Asubuhi mpe kidogo na chepesi, nusu kikombe cha uji uliopoa au ndizi mbivu moja. Chapati ya mafuta na chai nzito ya maziwa kwenye tumbo lililofunga zitarudi.

Akianza kulalamika, sema sentensi yenye pande mbili, kukubali na kuamini: "Najua tumbo linauma na unaogopa. Na najua unaweza kukaa na woga huo mpaka mapumziko." Upande wa kwanza peke yake ni kumwonea huruma, upande wa pili peke yake ni kumpuuza. Iseme kwa sauti ya chini, mara moja, mara mbili basi. Atakuja na maswali: "Nikitapika je? Ukichelewa kunichukua je?" Jibu kila swali mara moja kwa ukweli. Likirudi, mwambie, "Hilo nimeshajibu," uendelee kumfunga viatu. Kumhakikishia mara kumi kunaonekana ni upendo, lakini kila uhakikisho unadumu dakika mbili na kumfanya atafute mwingine.

Akitapika, asukutue, anawe uso, asubiri dakika kumi, mtoke. Kutapika bila homa kusiwe tiketi ya kubaki. Nunua kipimajoto duka la dawa na mkubaliane kanuni: anabaki kwa nyuzi joto 38 na kuendelea, kwa kuharisha, au kwa kutapika ambako kumeendelea hata baada ya kutulia. Na siku akibaki, iwe siku ya mgonjwa: kitandani, bila simu, bila runinga, bila Mbuyuni, na madaftari ya mwenzake anakili hadi muda wa shule kutoka. Tafuta sasa hivi jirani au shangazi atakayekaa naye kwa masharti hayo hayo, kabla hujamhitaji.

Pumzi nazo zinasaidia, ila zifundishwe jioni akiwa ametulia. Mtoto aliyekwisha kupandwa na hofu hajifunzi kitu kipya. Aweke kiganja tumboni, avute kwa puani akihesabu tatu, atoe taratibu kwa mdomo kama anapuliza uji, akihesabu sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Mara tano, kila usiku. Fanya naye, kwa sababu asubuhi wewe ndiwe utakayezihitaji kwanza. Mtoto aliyeogopa anasoma uso na sauti ya mama kabla ya maneno. Ukihisi mkono unataka kuinuka, toka uani dakika mbili, uoshe uso, urudi. Genge litasubiri dakika mbili.

Kile kibao cha Jumanne kitengeneze hivi, kwa ufupi: "Nilikupiga. Lilikuwa kosa langu, si lako. Sitakupiga kwa sababu ya woga. Na shule tutakwenda." Usilie naye wala usimnunulie soda ya fidia, akiona mama ameanguka, anapata jambo la pili la kuogopa.

Getini agana haraka. Kumbatio moja, "nitakuwa hapa mapumziko," ondoka. Usichungulie dirishani. Na fika muda uliosema, hata kama mteja amesimama mezani.

Siku ya tatu hadi ya tano jiandae, kelele itapanda kabla ya kushuka. Watu wengi huachia hapo, wakisema njia hii haifanyi kazi. Ukikubali baada ya dakika arobaini za kilio, umemfundisha kwamba bei ni dakika arobaini. Kelele pia itarudi kidogo baada ya ugonjwa, baada ya sikukuu, na Januari. Ikirudi, usianze kutafuta chanzo kipya; rudi kwenye sentensi na ratiba ile ile. Jioni msifu kwa kitu mahususi: "Leo tumbo lilikuuma na bado ulipanda kifodi." Zawadi iwe ya kufanya nanyi, labda Jumamosi achague nani aje kula kwenu machalari, yale ya ndizi. Hela ya kila siku inageuka mshahara, na mishahara hudaiwa nyongeza.

Baba kabla hajapanda mlima akae na Glory, amwambie kwa kinywa chake kwamba ratiba ni ile ile awepo asiwepo, na sentensi aitumie neno kwa neno. Kubeba mtoto kukome. Mama mkwe usibishane naye, mpe kazi. Awe anapiga simu jioni amuulize mjukuu kitu kizuri cha shuleni, na mwombe tumbo la Glory lisizungumzwe mtoto akisikia. Kumpandisha Kibosho achapwe ni wiki nyingine ya kutokwenda shule, na fimbo juu ya woga inamfundisha kuficha, siyo kuacha. Maombi, mwombeeni, ila asiambiwe ana roho chafu ndani yake. Mtoto wa miaka kumi akiambiwa hivyo ataanza kujiogopa mwenyewe usiku. Na mkesha usile usingizi wake wa siku ya shule.

Umeuliza kuhamisha shule. Kama kuna mtu anayemdhuru na uongozi umeshindwa kumzuia, hamisha hata kesho. Kama ni ubao na hesabu, ubao ataukuta kila shule, na utakuwa umelipia sare mpya bure. Kumpumzisha muhula mzima ndilo tusilolikubali kabisa: kila wiki nyumbani inaongeza masomo aliyokosa na maswali ya wenzake, na kurudi kunakuwa kugumu zaidi.

Ukifuata haya bila kuruka wiki tatu hivi na bado hajakaa darasani siku nzima, au wakati wowote akiacha kula, akianza kukojoa kitandani ghafla, akijiumiza, au akisema anatamani kufa, usisubiri. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi, au hospitali ya KCMC, uulizie kliniki ya afya ya akili. Kama una bima, pitia kwanza zahanati wakuandikie rufaa. Nenda na daftari lenye tarehe, saa tumbo lilipoanza, alichokula, alifika shule au la, na alikaa hadi saa ngapi. Daktari ataanza kwa kukuuliza hayo hayo, na foleni ikiwa ndefu kumbukumbu ya kichwani haitoshi.